Jinsi Sange Alivyomgawia Nyegere Woga

Nina kitu mkononi.

— Kitikise tukisikie.

Mliojibu kwa sauti ndogo, najua kinachowasumbua. Mnaogopa wenzenu watageuka kuwatazama. Basi hadithi hii ni yenu. Tujaribu tena. Nina kitu mkononi.

— Kitikise tukisikie!

Sasa nimesikia.

Hapo zamani, katika msitu mmoja usio mbali na pwani, aliishi Sange. Kwa asiyemjua, Sange ni mnyama mdogo kiasi cha panya, miguu myembamba kama njiti za kiberiti, pua ndefu kama mrija. Nyumba yake ilikuwa gogo lililoanguka, lenye uwazi ndani. Humo alikaa na mkewe na binti yao mdogo, Chiku, na kwa sababu ya binti huyo majirani walimwita Baba Chiku.

Sange alikuwa na kayamba. Alilitengeneza mwenyewe: alikata matete, akayafunga yakawa bapa kama ubao, akatia mbegu kavu ndani. Akilitikisa hivi, chaka. Akilitikisa vile, cha-chaka. Akiwa peke yake gogoni alipiga vizuri hata siafu waliokuwa wakipita chini walibadili mwendo, wakaenda chaka, cha-chaka, mpaka kwao.

Lakini ni akiwa peke yake tu. Akiingia mgeni mmoja, koo linakauka. Wakiingia wawili, tumbo linanguruma. Wakiingia watatu, mkono unatetemeka, na pua inatetemeka kuliko mkono. Mwaka uliotangulia aliombwa apige kwenye harusi ya Digidigi. Alisimama mbele ya watu, akawatazama, nao wakamtazama. Kisha akalilaza kayamba chini, akajificha chini yake. Bibi harusi ndiye aliyemtoa, tena kwa kumvuta mkia. Msitu mzima ulicheka mpaka mvua zikaanza.

Katika msitu huohuo alikuwapo Nyegere, mwenye shingo nene na kucha ndefu. Nyegere hakuogopa kitu. Nyuki wakimuuma, alijikuna. Nyoka akimuuma, alilala kidogo, akaamka, akamla nyoka. Akiipenda asali hakuuliza ni ya nani. Siku moja alipita karibu na gogo la Sange, akanusa. Huko juu, kwenye ncha ya gogo, nyuki walikuwa wamejenga. Nyegere akabisha hodi kwa teke.

"Toka, Pua. Gogo hili lilikuwa la babu yangu."

Sange alijibu kutoka ndani kwamba babu yake Nyegere aliishi shimoni, kila mtu analijua hilo. Nyegere akasema babu alikuwa na nyumba mbili. Sange akamwambia aichukue asali aende zake, kwani yeye na mkewe hawali asali. Nyegere akasema hapana. Alitaka kulipasua gogo lote, kutoka ncha hii mpaka ile, aone kama ndani hamna asali nyingine.

Wakapelekana kwa Bibi Kanga.

Msitu ule haukuwa na hakimu. Waliwahi kumweka mmoja, akawa anasinzia. Kwa hiyo ugomvi uliamuliwa kwa ngoma. Kila mgomvi aliingia uwanjani na ala moja, akaipiga, na watu wakasimama kumsikiliza. Hakukuwa na kupiga makofi wala kushangilia, maana waliona mikono na midomo huweza kumpendelea mtu. Bibi Kanga alihesabu miguu iliyocheza, basi. Aliyechezesha miguu mingi ndiye aliyeshinda. Bibi Kanga alikuwa hodari wa hesabu, kwa kuwa alilea vifaranga thelathini na hajapoteza hata mmoja. Akawaambia waje siku ya tatu, jua likifika juu ya mti wa mkoche ulio kando ya uwanja.

Sange aliporudi nyumbani alianza kufunga mizigo. Mkewe akamuuliza wanahamia wapi. Sange akasema popote pasipo na watu.

"Mama Chiku, mimi hapa duniani naogopa vitu viwili tu. Watu, na mama yako."

"Mama yuko ng'ambo ya kijito," mkewe akasema. "Tuanze na watu."

Majirani walileta ushauri, na kwa kweli walikuwa na nia njema. Njiwa alisema apige huku amefumba macho. Sange akafumba macho, akapiga hatua mbili, akajigonga ukutani. Kima alisema awaone watu wote kama viazi. Sange akawaona kama viazi, akashikwa na njaa. Konokono alisema asiwe na haraka, ila Konokono alifika siku ya pili jioni, na muda ulikuwa umekwisha. Mwishowe mkewe akamketisha Chiku mbele yake, awe ndiye watu. Sange akatetemeka mbele ya mwanawe mwenyewe.

Mkewe akamwambia, "Baba Chiku, dawa ya woga mimi siijui. Ninachojua, kesho tutakwenda, utasimama, na mkono wako utatetemeka. Basi na utetemeke ukiwa umeshika kayamba."

Siku ya tatu uwanja ulijaa. Nyegere alikuja na ngoma kubwa kama kinu. Akaijaribu mara moja: ndu! Ardhi ikaruka, na miguu yote iliyosimama juu yake ikaruka pia. Bibi Kanga akasema hiyo ilikuwa ya kujaribu, haihesabiwi. Lakini Sange aliona, na alielewa. Ngoma ile haikuhitaji kumpendeza mtu. Ingeitikisa ardhi tu, na miguu ingechezacheza, mwenye miguu apende asipende.

Sange aliitwa kwanza. Akaingia. Koo likakauka. Tumbo likanguruma. Akashika kayamba kwa mikono miwili, akajitahidi sana mkono utulie, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ulivyozidi kutetemeka. Na kayamba nalo, likiwa mkononi, likasema:

Chiriri.

Sange akashangaa. Hakuwa amelipiga. Akalitazama, na mkono ukatetemeka tena: chiriri, chiriri-ri. Ilikuwa sauti laini, kama mvua ndogo juu ya majani makavu, na huko gogoni hajawahi kuipata hata siku moja, kwa sababu hakuna mkono uliotulia unaoweza kwenda kasi namna ile. Kwato moja ya Digidigi ikagonga chini, to. Ndipo Sange alipoacha kuuzuia mkono. Mkono ukatetemeka utakavyo, yeye akauongoza kidogo tu, upande huu, upande ule. Chiriri-chaka, chiriri-chaka. Kwato ya pili ikagonga. Kima akaanza, Njiwa akaanza, hata Jongoo akaanza, na kwa Jongoo Bibi Kanga aliandika miguu minne tu, asije akalaumiwa.

"Arobaini na sita," akatangaza.

Sange akaketi kando ya mkewe, akitweta. Akaitazama ile ngoma kubwa kama kinu. Akajua pigo moja tu litaifuta arobaini na sita yake yote, na Chiku atalala nje. Basi akamnong'oneza mkewe, lakini kwa ule mnong'ono unaofika mbali.

"Afadhali ana ngoma yake. Angeniomba woga, tungekuwa tumekwisha."

Nyegere akageuza shingo. "Unasema nini, Pua?"

"Si kitu, mzee wangu."

"Umesema woga. Una kitu gani mimi sina?"

"Umesikia mwenyewe," Sange akasema. "Kayamba ni matete tu. Ile chiriri haitoki kwenye matete, inatoka kwenye woga. Mimi nimeurithi kwa baba, na baba kwa babu. Wewe, mzee wangu, Mungu hakukujalia. Usihuzunike. Piga ngoma yako."

Watu wakaguna. Tangu azaliwe Nyegere hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu wenzake wanacho na yeye hana. Akaja mpaka alipoketi Sange, akanyoosha kucha.

"Lete."

"Unataka kiasi gani?"

"Wote."

"Mzee, tuachie japo kidogo, cha mtoto."

"Nimesema wote."

Bibi Kanga alimuuliza mara mbili kama kweli anaacha ngoma, kwani desturi ni ala moja kwa kila mmoja. Mara mbili Nyegere akasema anaiacha. Akalichukua kayamba, akasimama katikati ya uwanja, na Sange akamfundisha bila kumficha kitu. Alimwambia asitikise bado. Alimwambia woga huingilia machoni.

"Watazame hawa waliokuja," akasema. "Usiwatazame wote kwa pamoja. Mtazame mmoja mmoja, na kila mmoja umuulize moyoni: huyu ananionaje?"

Nyegere akacheka, akasema kama ni hilo tu angeupata zamani. Akaanza na Digidigi. Katika maisha yake Nyegere alikuwa amewatazama wanyama wengi, lakini kwa kupima nani analika na nani haliki. Hili la kwamba nao wanamwona lilikuwa jipya kwake. Akayatazama macho ya Digidigi, akakumbuka kunde alizomlia, na zile alizozikanyaga alipokwisha kushiba. Akahamia kwa Kima, akakumbuka mzinga aliomvunjia. Akahamia kwa Bibi Kanga, akakumbuka mayai saba, na akaona machoni kwamba Bibi Kanga naye anakumbuka ni saba. Mwisho akamtazama Chiku. Chiku alikuwa mdogo, hajajifunza kuficha anachowaza. Alimtazama Nyegere mara moja, akasogea nyuma ya mama yake.

Koo la Nyegere likakauka.

Tumbo la Nyegere likanguruma.

Mkono wa Nyegere ukatetemeka, na kayamba likasema chi. Likaishia hapohapo. Watu wakasogea karibu wapate kusikia vizuri, na hilo ndilo lililommaliza. Akalilaza kayamba chini taratibu, kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake. Kisha puru, puru, puru, akaupita mkoche, akaupita mzinga wa asali asiugeuzie hata macho, akapotelea vichakani.

Msimcheke sana. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mimi na wewe tulianza tungali wadogo, kwa hiyo tumezoea.

Bibi Kanga akafunga hesabu. "Kwa Nyegere, miguu minne. Yote ya kwake mwenyewe."

Kima akapinga, akasema ile ilikuwa mbio, si kucheza. Bibi Kanga akamjibu kwamba yeye kazi yake ni kuhesabu miguu, mambo ya nia anamwachia Mungu. Arobaini na sita kwa minne. Gogo ni la Baba Chiku.

Watu wakamtaka Sange arudie. Akasimama katikati, akashika kayamba, akangoja. Koo lilikuwa na mate. Tumbo lilikuwa kimya. Mkono ulikuwa umetulia kama jiwe la kusagia. Akatikisa: chaka. Akatikisa tena: chaka. Miguu ikasimama pale ilipo. Digidigi akapiga mwayo, akauficha kwa adabu.

Sange akamsogelea mkewe, akamwambia sikioni kwamba mambo yameharibika. Nyegere alitaka wote, naye amempa wote. Haogopi tena.

Mkewe akaangalia nyuma ya watu, kule penye mkoche.

"Baba Chiku," akasema polepole, "mama amefika. Amevuka kijito tangu asubuhi. Anasema tangu umwoe mwanawe hajawahi kukusikia ukipiga."

Chiriri! Chiriri-chaka, chiriri-chaka, chiriri-ri-ri! Hakuna aliyewahi kusikia kayamba namna hiyo. Digidigi alicheza, Kima alicheza, Njiwa alicheza, Jongoo alijikwaa mwenyewe akaendelea kucheza. Na mama mkwe, ambaye si mwenye kuonyesha furaha kwa urahisi, alisimama wima kwenye mkoche muda wote, uso mkavu. Ila kidole kimoja cha mguu wake wa kushoto kilitikisika kidogo.

Bibi Kanga alikihesabu.

Tangu siku hiyo Sange hakukubali kubaki bila woga kabisa. Kidogo amekihifadhi puani, na ukimkuta msituni leo utaona pua yake inatetemeka, hata akiwa amelala. Naye Nyegere bado anakula asali, lakini kabla ya kuigusa hutazama kulia, hutazama kushoto, kuona kama kuna anayemwona. Watu husema ni ujanja. Mimi nadhani ni haya, imechelewa tu kumfikia.

Hadithi yangu ina fundisho, maana wazazi wenu watauliza. Woga ni kitu kibaya, msikae nacho nyumbani. Mgawieni anayeutaka. Akisema anataka wote, mpeni wote, kisha mkaoe kwenye mama mkwe mkali.

Kitu changu nimekiweka chini.

— Kimenyamaza.

Anayetaka akiokote, akitikise. Sisi tumekaa, tunamtazama.