Bi Shungi na Mikono ya Manyoya

Paukwa!

Pakawa!

Na aliyesinzia?

Atasimuliwa na jirani!

Hapo kale, kale ya kale, ndege hawajawa ndege, aliishi Bi Shungi. Alikuwa na mkia wa mjusi na meno kinywani. Mikononi alikuwa na manyoya marefu, ya kufunikia mayai yake yasipate baridi. Kuruka hakujua, wala hakuna aliyejua.

Shoga yake Kobe alizika mayai mchangani, akaenda zake. Kila alipopita alimtania.

"Shoga, jua lote hili umejitanda kanga mbili?"

"Nimewatandia wanangu," alijibu Bi Shungi. Maneno yalimchoma, lakini hakuinuka juu ya mayai.

Mayai yakaanguliwa. Kenge akasikia milio ya vifaranga, akaja mate yakimtoka.

"Hodi, shemeji. Nimekuja kuwaona wachanga."

"Wamelala."

"Basi nitawaamsha mwenyewe."

Bi Shungi akakimbia na wanawe hadi kwenye mti ulioinama. Akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Mara ya tatu, kwa hofu, akapigapiga mikono. Loo, mwili ukawa mwepesi, kucha zikashika gome! Wanawe wakamwiga, wakafika juu wakihema.

Kenge naye akapanda. Ana kucha, hana haraka. Akawasogelea, akawasogelea, hata wakafika ncha ya tawi.

"Njia imekwisha, shemeji," akasema kwa upole.

Bi Shungi aliwatazama wanawe, akalia. Kisha akatanua mikono, akajirusha. Nanyi mlidhani ataanguka kama embe! Alishuka taratibu, akatua ng'ambo ya kijito kilichopita chini ya mti, akawaita. Wanawe wakajirusha, mmoja baada ya mwingine, wa mwisho kafumba macho. Wote wakafika.

Kenge akabaki juu, anatafuta pa kushukia.

Watoto wakazaa watoto. Hawa walifika mbali kuliko nyanya yao, na waliofuata mbali zaidi, hata kitukuu mmoja akapigapiga mikono akapanda mawinguni. Kobe akainua shingo mpaka ikamuuma.

"Shoga, huyo atashuka lini?"

"Akiona njaa," akasema Bi Shungi, na kwa mara ya kwanza akamcheka Kobe.

Basi, wenzangu, msimcheke mtu kwa alichonacho kabla hamjaona kazi zake zote. Cha kufunikia mtoto leo, kesho kitamwokoa.

Hadithi yangu imetua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe.