Mbeleje na Mkaratusi wa Mwambani

Naita ngano, nanyi iitikieni. Hapo kale, katika nchi kavu ya mchanga na majabali, kulikuwa na kichaka kimoja tu cha mkaratusi, kimeota mwambani. Kijiji kizima kilichuma majani yake na kuwafukiza watoto waliobanwa na kifua.

Mjane Mbeleje alikikata kwa siri, akachoma makaa. Haukupita muda, mtoto wa jirani yake Nyendo akaanza kupumua kwa shida. Nyendo akakimbilia mwambani, akakuta kisiki.

"Mwenzangu, nani katufanyia hivi?" akauliza.

"Sijui, dada," Mbeleje akajibu.

Kisha Mbeleje akaenda kukimwagia kisiki maji. Kisiki kikasema, "Sina kiu." Akarudi na samadi. Kisiki kikasema, "Sina njaa." Mara ya tatu akapiga magoti, akalia. Kisiki kikasema, "Mizizi yangu ni hai, lakini neno ninalolingoja si la kuambiwa mimi."

Mbeleje akaenda moja kwa moja kwa Nyendo, akamkuta amempakata mtoto.

"Dada, ni mimi niliyekata. Tena nikakudanganya."

Nyendo akamfunga mtoto mgongoni, wakaongozana hadi mwambani. Mbele ya macho yao kisiki kikachipua, machipukizi yakapanda hadi kiunoni, yamejaa majani. Mtoto akafukizwa, akapumua.

Mbeleje akaomba msamaha.

"Mwanangu amepona, dada," Nyendo akasema. "Mimi bado."

Ngano imeketi hapo; nasi tuketi nayo.