Jina la Kivuko cha Skarvholm

Sogeeni karibu. Anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii inataka hukumu mwishoni, na hukumu haitolewi na mdomo uliojaa.

Mbali kaskazini, katika nchi ya Norwei, walikuwako watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Gunnvor alijaliwa masikio. Alikuwa bibi wa miaka themanini na minane, na sauti ikishaingia kichwani mwake haikutoka tena. Alikuwa akikuigizia mchungaji wa kanisa aliyekufa miaka sitini nyuma, kikohozi na yote. Oddvar alijaliwa macho. Alitunza nyaraka za mkoa wa Storvik, na ule mwandiko wa kale uliojipinda kama mizizi, uliowashinda hata wasomi, yeye aliusoma kama wewe unavyosoma jina lako. Eldrid alijaliwa mikono. Aliendesha gari la kusukuma theluji kwenye barabara ya mlimani, na hata dunia ilipokuwa nyeupe juu, nyeupe chini, mikono yake juu ya usukani ilijua kona iko wapi.

Watatu hawa hawakujuana. Aliyewakutanisha ni Sunniva, na Sunniva ndiye aliyebeba mzigo wa hadithi hii tangu mwanzo hadi hapo nitakapowatwika ninyi.

Sunniva alikuwa mtunza gati wa kisiwa kidogo kiitwacho Skarvholm. Gati, duka na barua za watu, vyote vilipita mkononi mwake. Mumewe, Asbjørn, alikuwa na maradhi ya figo. Mara tatu kwa wiki alivuka kwenda hospitali ng'ambo kusafishwa damu. Kivuko cha asubuhi kilimpeleka, cha jioni kilimrudisha, naye akishuka gatini alikuwa mweupe kama karatasi, lakini alikuwa nyumbani. Bila kivuko, wawili hao wangefunga mlango wa nyumba aliyozaliwa Asbjørn, wakapange chumba mjini, na duka lingefungwa nyuma yao, na kisiwa kingezimika taa moja moja.

Sasa sikilizeni jinsi kisiwa kilivyopotea kikiwa palepale.

Pwani ile ilikuwa na mikoa miwili, Storvik na Havnes, na mlima katikati. Tangu enzi za mababu, watu wa Skarvholm walibatiziwa upande wa Havnes, lakini walilinda pwani kwa amri ya Storvik. Hakuna aliyejali, maana samaki walikuwapo na kivuko kilikuja. Kisha serikali kuu ikaamua kuunganisha mikoa hiyo miwili iwe mmoja. Ikaishi kama mke na mume waliolazimishwa, kila mmoja na sufuria yake jikoni. Miaka minne, basi, wakaachana.

Wakaanza kugawana: barabara hii yako, shule ile yangu, kivuko hiki chako. Makarani wa Storvik walipofika kwenye Skarvholm wakasema, "Hicho ni cha Havnes, tusikiguse, tutaonekana wachoyo." Makarani wa Havnes nao wakasema, "Hicho ni cha Storvik, tusikiguse." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu wa kule wana adabu sana ya kutogusa kitu cha mwenzao. Kwa adabu hiyo hiyo kisiwa kikabaki nje ya orodha zote mbili.

Sunniva akapiga simu Storvik. "Waulize Havnes." Akapiga Havnes. "Waulize Storvik."

Asbjørn akacheka pale alipolala kwenye kochi. "Basi tumekuwa nchi huru. Rais nani, mimi au wewe?"

"Mimi," Sunniva akasema. "Wewe ni waziri wa kuosha vyombo."

Lakini barua ilipokuja hakucheka mtu. Kivuko kitasimama mwisho wa Januari, isipokuwa ijulikane kisiwa ni cha mkoa upi. Mwakilishi wa serikali kuu angesikiliza ushahidi mjini Havnes, Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo, saa sita mchana. Na kwa kuwa mikoa miwili inabishana, picha au nakala hazitapokelewa. Iletwe hati yenyewe yenye muhuri.

Sunniva alibandika barua ile juu ya kaunta ya duka. Siku hiyo Gunnvor aliingia kununua kahawa. Huko kwao hata bibi kizee huitwa jina lake tu, wala si utovu wa adabu.

"Gunnvor," Sunniva akamwambia, "wewe umeishi hapa miaka mingi kuliko sisi sote. Sisi ni wa nani?"

Bibi akaweka kahawa chini. "Wa Storvik. Wimbo unasema."

"Wimbo gani tena?"

"Wa kulala. Bibi yangu aliniimbia, naye aliimbiwa na bibi yake."

Zamani, vita vikitokea baharini, watu wa pwani ile walipashana habari kwa moto. Kilima kimoja kikiwaka, cha pili kinauona moto, nacho kinawashwa, hadi pwani nzima inajua. Kila kaya ilikuwa na zamu ya kukesha kilimani, na kila mwaka ofisa wa mkoa alikuja kwa mashua ya makasia, akasimama juu ya mwamba na kusoma zamu hizo kwa sauti. Wanawake wakaifanya sauti ile wimbo wa kubembelezea watoto. Gunnvor akafumba macho pale dukani, akaimba kwa sauti nzito ya mwanamume aliyekufa miaka mia mbili iliyopita:

"Nyumba ya Juu, Anders na Mons. Nyumba ya Kisimani, Peder na mdogo wake kiwete. Nyumba ya Mwambani, mjane Marit na binti zake wawili…"

Akaendelea hadi nyumba kumi na mbili, akamalizia, "Hivyo ndivyo ilivyo katika kitabu cheusi chenye kamba ya ngozi ya sili, kwa amri ya Storvik."

Sunniva alimkumbatia bibi huyo, kahawa ikamwagika yote, na hakuna aliyejali. Sasa alijua kuna kitabu, tena chenye kamba ya ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari ya baridi. Lakini kitabu hicho kiko wapi?

Hapo ndipo Oddvar anaingia. Sunniva alimpigia simu kwenye ghala la nyaraka, akamweleza.

"Unajua mimi ni mfanyakazi wa mkoa wa Storvik?" Oddvar akauliza.

"Najua."

"Na unajua wakubwa wangu wangefurahi kama kitabu hicho hakipo? Kivuko ni mzigo."

"Najua hilo pia."

"Sawa. Nipe wiki tatu."

Kulikuwa na vitabu elfu nne mle chini, vingi vimeorodheshwa kimakosa. Oddvar alivipitia kwa mkono, kimoja kimoja, baada ya saa za kazi, akila mkate na jibini akiwa amesimama. Mkubwa wake alipita mara mbili mlangoni, akamwangalia, akaenda zake. Siku ya ishirini alikipata kati ya vitabu vya nyimbo za kanisa: cheusi, kamba ya ngozi ya sili. Muhuri wa nta wa Storvik ulikuwapo. Ila juu ya ukurasa, mahali palipokuwa na jina la kisiwa, panya walikuwa wamekula. Zamu zilikuwapo, nyumba kumi na mbili zilikuwapo, lakini za kisiwa gani? Majina ya nyumba zenyewe yalikuwa yameshabadilika tangu zamani.

Oddvar akampigia Sunniva. "Kitabu bila bibi yule ni karatasi tu. Mwambie awe karibu na simu Ijumaa. Na asije akaniimbia wimbo wake mimi kabla. Sitaki mtu aseme tulipanga."

Ijumaa ilipofika, Sunniva alikwenda Storvik kumchukua Oddvar, maana sheria ilitaka kitabu kisitoke mkononi mwa mtunzaji wake. Oddvar akakaa garini na sanduku mapajani, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Kufika chini ya mlima, kizuizi kimeshushwa. Barabara imefungwa. Saa nne asubuhi.

Eldrid alikuwa ndani ya gari lake la theluji, anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Alikuwa ameanza kazi alfajiri, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Sunniva akagonga kioo, akaeleza yote, tangu figo za mumewe hadi panya.

"Skarvholm?" Eldrid akasema. "Sijawahi kufika huko."

"Ukitusaidia, njoo utanywa kahawa ya kweli."

Kule wana utaratibu wao: hali ikiwa mbaya, magari hupanga mstari nyuma ya gari la theluji na kulifuata, taa kwa taa. Lakini siku ile upepo ulikuwa umevuka kiwango cha utaratibu, na dereva ndiye mwenye kauli ya mwisho. Akikubali, lawama ni yake. Eldrid alitazama mlima. Akatazama lile sanduku. Akamwaga kahawa.

"Gari moja tu, lako. Ufuate taa zangu nyekundu. Zikipotea, simama, usinitafute. Nitakurudia."

Wakapanda. Sunniva hakuona barabara wala anga, aliona madoa mawili mekundu tu. Yakipotea alisimama, na kila mara gari lile kubwa lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye weupe na kumchukua tena. Oddvar akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe, maana hakukubali kuachia sanduku ashushe kioo.

"Kitabu kizima?" Sunniva akamuuliza.

"Kitabu kizima. Kofia ndiyo imekwenda."

Saa sita kasoro dakika saba waliingia Havnes. Mwakilishi wa serikali kuu, mama mmoja mkali mwenye miwani, akaweka simu mezani isikike na wote. Gunnvor akaimba kutoka jikoni kwake, na mama yule akapitisha kidole juu ya ukurasa, Oddvar akimsomea mwandiko kwa kunong'ona. Nyumba ya Juu, Anders na Mons. Wamo. Peder na mdogo wake kiwete. Wamo. Mjane Marit na binti zake wawili. Mama yule akavua miwani. Walipofika nyumba ya kumi na mbili akasema, "Skarvholm ni cha Storvik," na Sunniva akakaa chini sakafuni.

Kivuko hakikusimama hata siku moja. Storvik, kwa aibu kidogo ya kukisahau kisiwa chao, wakaleta mwaka uliofuata kivuko kipya cha umeme, kisicho na moshi wala kelele. Wakaandika: watu wa kisiwa wachague jina lake. Liwe jina la mtu mmoja aliye hai, jina moja tu, maana ubavu wa kivuko hauna nafasi ya mawili. Na kwa desturi ya Skarvholm, anayetoa jina la chombo ni mtunza gati.

Siku ya safari ya kwanza wote watatu walikuja, na Eldrid akapata kahawa yake. Mchora herufi, Tarjei, alikuwa juu ya ngazi na brashi yake. Sunniva alikuwa na chaki, aandike kwanza jina kwa chaki, Tarjei afuatishe kwa rangi. Asbjørn alikuwa ameshapanda, mfuko wa hospitali begani.

"Mwandike Gunnvor," Asbjørn akaita kutoka juu. "Hana mtoto wala mjukuu. Akienda, jina linakwenda naye. Na bila wimbo nani angejua kuna kitabu?"

"Msiniandike mimi," Gunnvor akasema. "Lakini mkiniandika sitanuna."

"Na Oddvar je?" Tarjei akauliza. "Wakubwa wake wamemhamishia chumba kisicho na dirisha. Huyu ndiye aliyelipa."

Oddvar akajikuna chini ya kofia mpya aliyonunuliwa na Sunniva. "Jina langu ni fupi. Rangi itabaki."

Eldrid akacheka. "Mimi watu hunipungia ngumi kila asubuhi kwa kuwazibia mlango kwa theluji. Mkikiita Eldrid, siku kikichelewa watanitukana mara mbili." Kisha akatazama kivuko, akasema polepole, "Ila hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kurudi kinyumenyume. Isipokuwa Sunniva hapa."

Sunniva alisimama mbele ya ubavu mweupe wa chombo. Wimbo bila kitabu ungebaki wimbo. Kitabu bila wimbo kingebaki chakula cha panya. Na vyote viwili, pasipo zile taa mbili nyekundu, vingekuwa chini ya mlima saa sita ilipogonga. Kila jina alilofikiria lilimpa furaha, na kila jina lilimwumiza, kwa kuwa wawili watakaobaki wangepanda chombo hiki miaka arobaini chini ya jina la mwenzao, na huyo mwenzao anastahili, nao wanastahili vilevile.

"Sunniva," Asbjørn akaita taratibu. "Nahodha anataka kuondoka. Hospitali wananingoja."

Akainua mkono. Chaki ikagusa chuma.

Na mimi namwacha hapo, mkono wake juu, maana mzigo huu nilisema nitawatwika. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe unayejifanya umelala: chaki ni yenu sasa, na mgonjwa yuko chomboni anangoja. Mngeandika jina la nani?