Kitabu cha Hatujambo

Hapo zamani, katika mji wa Kiwambani, alikuwako mtu mmoja jina lake Makame, ila watu walimwita Kiraka, kwa kuwa kanzu yake ilikuwa viraka vitupu na nguo ya asili haikuonekana tena. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Alikuwa na mdomo na hati nzuri ya kuandika, na kwa vitu hivyo viwili akajiona mwanachuoni. Nami ninayesimulia nisimcheke sana, maana mali yangu ni hiyo hiyo, na hati yangu ni mbaya.

Basi mwaka ule watu walikuwa wakinywa maji ya bwawa, nayo yakawaharibu matumbo. Sultani Barahiani alikuwa na kisima cha maji matamu ndani ya ua wake, na mlango wa ua una kufuli. Ikawa Kiraka akasema sokoni kwamba nusu ya mji inaumwa na kisima kifunguliwe. Maneno yakamfikia Sultani, naye akamwita.

"Ewe Kiraka, hiyo nusu umeihesabu?"

"La, bwana wangu, sikuihesabu. Nimeiona ikipita mbio kwenda msalani."

"Basi nenda kila nyumba, uwaulize watu hali zao, uandike jibu la kila mtu kama alivyolitamka, usizidishe wala usipunguze. Nakupa siku saba. Ikitimia nusu, nitafungua kisima. Isipotimia, utapandishwa punda kinyumenyume, utembezwe mji mzima, kisha uhame."

Kiraka akachukua kitabu na wino, akaenda. Kila mlango akapiga hodi, akakaribishwa, akauliza, "Hamjambo?" Wakamjibu, "Hatujambo." Mzee mmoja alikuwa amelala mkekani, macho yamemwingia ndani, naye akajibu, "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu." Mwanamke akatoka msalani akishika ukuta, akasema, "Hatujambo, baba, sijui nyinyi." Kiraka akaandika hivyo hivyo kwa hati ya kupendeza, na kila ukurasa akautazama mara mbili kwa kujisifu.

Siku ya saba jioni, mkewe Mize akamwuliza, "Mume wangu, kazi imekwisha?"

"Imekwisha! Ajabu, mji mzima hawajambo."

"Na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika asubuhi. Hujambo."

"Uliniuliza hujambo, nikakujibu sijambo. Ulitaka nikujibuje, nami nimelelewa? Tangu hapo nimekwenda msalani mara sita."

Kiraka akajipiga kipaji cha uso. Siku saba alikuwa akiwasalimu watu, naye akidhani anawauliza. Aliona haya hata akatamani huyo punda aje mwenyewe.

Kulipokucha akaenda barazani. Sultani alikuwa ameketi, shavu limevimba kwa jino, na mng'oa meno yuko pembeni na koleo lake, akingoja kuitwa. Sultani akakifunua kitabu, akasoma hatujambo, hatujambo, akafurahi.

"Naamuru," akasema, "aliyeandikwa humu kuwa hajambo asipewe dawa wala asiguswe na mganga, na kisima kitiwe kufuli la pili. Leteni punda!"

"Punda ni haki yangu, bwana wangu," akasema Kiraka, "lakini imebaki nyumba moja sijaiandika, nayo ndiyo hii. Hujambo, bwana wangu?"

"Sijambo," akajibu Sultani, na mkono u shavuni.

Kiraka akaandika, akapuliza wino ukauke, akamgeukia mng'oa meno. "Nenda zako, bwana. Sultani hajambo, na amri umeisikia." Askari, kwa kuwa walikuwa watu wa kutii, wakamshika yule bwana wakamtoa nje na koleo lake.

"Mrudisheni!" akapiga kelele Sultani. "Jino linaniua!"

"Mbona umesema hujambo?"

"Ulitaka niseme nini, mpumbavu wewe? Mtu akiulizwa hujambo..." Sultani akakivuta kitabu. Akaisoma tena ile hatujambo, hatujambo. Kisha akacheka, kicheko kikalitonesha jino, akalia, akacheka tena. "Kiraka, umenifanya mjinga."

"Hasha, bwana wangu. Mjinga ni mimi, niliyewasalimu watu siku saba nikaiita kazi. Wewe umekosea mara moja tu."

"Basi ungeuliza nini?"

"Ningeuliza: tangu jana umekwenda msalani mara ngapi?"

"Kaulize hivyo. Ndiyo adhabu yako badala ya punda, na usiruke hata nyumba moja."

Hapo Kiraka akaingiwa na baridi, kwa kuwa katika nyumba hizo ilikuwamo ya mama mkwe wake, Bi Mwanamvua. Mtu humtajiaje mkwewe habari za msalani? Aliiacha nyumba ile mpaka zote zikaisha. Kisha akasimama mlangoni, macho chini, jasho likimtiririka, akasalimu, akasitasita, akauliza.

Bi Mwanamvua akaketi kizingitini. Machozi yakamtoka. "Mara kumi na moja, baba," akasema. "Sikuwa na wa kumwambia."

Kiraka akaandika kumi na moja, na safari hii hati yake ikawa mbaya kuliko yangu. Alipokipeleka kitabu, Sultani akahesabu mwenyewe, akakuta nusu imepita mbali, akaona aibu mbele ya baraza lake lote. Akazitoa funguo kiunoni, akaenda kukifungua kisima kwa mkono wake.

Maneno yangu yamekomea hapo. Nanyi mkinikuta njiani mkaniuliza hujambo, nitawajibu sijambo. Msiandike.