Inchi Mbili za Toivo

Wahenga walijua kwamba si kila tunachokihitaji huwekwa mezani tukakichukua tumesimama wima. Vingine vimesukumwa chini ya kitanda, kwenye vumbi, na anayevitaka lazima akubali kwanza kuchafua magoti. Toivo Lahtinen wa mji wa Thunder Bay, Kanada, hakuwa mtu wa kuchafua magoti. Alikuwa mrefu kama mlingoti, seremala mstaafu aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wao, na kwa miaka arobaini hakuwahi kumuuliza mtu neno kuhusu kazi ya mikono.

Mwaka huo mkewe, Aili, alipasuliwa bega. Kufikia Oktoba daktari alimruhusu kuendesha gari, ila akamkataza kunyanyua chochote kizito, na mlango wa gereji yao ya kulazia gari ulikuwa mzito kwelikweli. Toivo alijitolea kumfungulia kila alipotaka kutoka. Aili akakataa katakata.

"Mimi si paka wa kufunguliwa mlango," alisema. "Funga mota ya kuuinua nitoke mwenyewe. La sivyo, nakaa ndani."

Akakaa ndani kweli. Alhamisi mbili zikapita bila yeye kwenda kuongoza mazoezi ya kwaya ya kanisa, na Krismasi ilikuwa inakuja.

Toivo akanunua mota inayovuta mlango kwa mkanda badala ya mnyororo, kwa kuwa chumba chao cha kulala kilikuwa juu ya gereji na kelele za mnyororo zingewanyima usingizi. Tatizo lilikuwa nafasi. Boriti nene ilipita juu kidogo tu ya mlango, na reli ya mota, chuma kirefu cha kubebea mkanda, ilipaswa kupenya katikati. Toivo alipima, akatabasamu, akatupa kando karatasi ya maelekezo.

"Inatosha na chenji inabaki!" alisema.

Alifanya kazi siku nzima. Alipoinua mlango kwa mkono ili aujaribu, kipande chake cha juu kilipanda, kikagonga reli kwa kishindo, kikakwama hapo. Mlango ule ulikuwa wa vipande vinne vinavyojikunja, na kipande cha juu hupanda kwanza ndipo kilale kuelekea ndani. Bwana fundi alikuwa ameupima ukiwa umefungwa. Zilipungua inchi mbili.

Akaipandisha reli, ikagota kwenye boriti. Akaitazama boriti kwa jicho la msumeno.

"Ukiikata hiyo, tutalala na gari," Aili alisema kutoka mlangoni. "Na jirani yetu ni fundi wa kufunga milango ya gereji, miaka thelathini sasa."

"Bruno? Afadhali nile theluji."

Theluji ndiyo iliyokuwa chanzo chenyewe cha ugomvi wao. Majira mawili ya baridi yaliyopita, mashine ya Bruno Ferraro ya kuondolea theluji iliimwaga yote kwenye njia ya Toivo. Toivo alipandwa na hasira, akatangaza mkahawani mbele ya watu kwamba mfunga milango si fundi, ni mkaza skrubu. Maneno yakamfikia Bruno, na tangu siku hiyo salamu zikakatika.

Alhamisi ya tatu ikafika. Mchana Toivo alimkuta Aili jikoni akikanda mkate wa iliki kwa mkono mmoja, akiimba wimbo wa Krismasi kwa sauti ya chini. Hakumlaumu. Toivo alitamani amlaumu, maana lawama angeijibu.

"Nisipofika leo watampa mwenzangu Kerttu kwaya aiongoze," Aili alisema. "Si kitu. Ana sauti ya bata, lakini mlango wake unafunguka."

Toivo alicheka, kisha akaona macho ya mkewe yamelowa. Akavaa kofia, akatoka.

Bruno alikuwa gerejini mwake akitengeneza mvinyo, kama kila Oktoba. Mlango aliuacha umeinuliwa hadi kimo cha paja tu, hewa ya zabibu zinazochacha ipate kutoka.

"Nani huyo mwenye miguu mirefu?" aliuliza.

"Ni mimi, Toivo. Inua mlango kidogo, bwana."

"Nikiuinua baridi itaniharibia mvinyo. Pita chini."

Toivo alitazama barabarani kama kuna anayemwona. Kisha akainama, magoti yakalia, akaingia kwa kutambaa juu ya sakafu iliyolowa maji ya zabibu. Kofia ikamdondoka.

"Nimekuja kuomba msaada," alisema angali chini. "Na lile neno la mkaza skrubu, nilikukosea. Nisamehe, jirani."

Bruno akamshika mkono akamwinua. "Mashine yangu ilikuwa mbovu, ikitema upande mmoja tu. Niliona haya kukwambia. Mfunga milango, nimeshindwa na mashine ya theluji! Haya, twende."

Katika gereji ya Toivo, Bruno aliuinua mlango polepole mara moja tu, akacheka.

"Mlango wako unainua kichwa kabla ya kupinda. Nyinyi wawili ni ndugu!"

Kutoka kwenye mfuko wake wa vifaa alitoa vishikio viwili vya chuma vyenye bawaba. Alifungua vile vya zamani kwenye pembe za juu, akafunga hivyo vipya huku Toivo akimshikia taa. Sasa kipande cha juu kililala mapema, kikapita chini ya reli, na nafasi ya kidole kimoja ikabaki. Wakaunga mkanda, wakaukaza, wakaujaribu mara tatu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni Aili alishuka na koti lake na vitabu vya nyimbo. Alibonyeza kitufe. Mlango ukapanda taratibu, mkanda ukinong'ona tu, na theluji ya kwanza ikaonekana ikidondoka nje. Aliwatazama wanaume wawili waliosimama bega kwa bega, kisha akaona suruali ya mumewe.

"Magoti yako yana nini?"

"Zabibu," Toivo alijibu.

Aili alielewa. Alimbusu shavuni mbele ya Bruno, akaingia kwenye gari, akatoka mwenyewe, akiimba. Toivo alibaki akiyafuta magoti yale ya zambarau na kucheka peke yake, maana inchi mbili alizozitafuta juu ya mlango alikuwa amezipata sakafuni kwa jirani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.