Simu Moja ya Kilima Kizima

Hapo zamani, si zamani za wanyama kusema bali zamani za mtandao kubeba lawama za nchi nzima, Mwalimu Mwakipesile alifundisha kompyuta katika chuo kimoja karibu na Tukuyu. Wanafunzi tisini, kompyuta sita. Basi programu waliziandika daftarini kwa kalamu, naye akazisahihisha kwa wino mwekundu. Waajiri waliposema vijana wake hawaijui kazi, aliumia, maana ilikuwa kweli.

Mwaka ule akawapeleka watatu kufanya mafunzo kwenye kampuni ya Bi. Suma ya kutengeneza programu: Lwitiko, Ambokile na Tumpe. Bi. Suma akasema, "Mwalimu, miezi mitatu ikiisha nitaajiri mmoja. Mmoja tu." Watatu wale wakatengeneza mfumo wa kusajili wafugaji kwenye kituo cha maziwa kilimani. Siku ya kuuzindua, mwalimu naye alikwenda, amevaa tai.

Akina mama wakapanga foleni na ndoo zao. Wa kwanza akasajiliwa, maziwa yakapokelewa. Wa pili, kompyuta ikakataa: "Namba hii imeshatumika." Wa tatu, imeshatumika. Wa arobaini, imeshatumika. Jua likapanda, na maziwa hayajui kusubiri.

Bi. Suma akatangaza, "Poleni akina mama, ni mtandao." Akina mama wakaitikia kwa uungwana. Mtandao walishauzoea.

Lwitiko akasimama mbele ya watu wote. "Si mtandao. Ni mimi. Niliweka sharti kwamba namba moja ya simu ni mtu mmoja."

Ambokile akamwendea mama wa mbele. "Shikamoo, mama. Kwani namba hii ya simu ni ya nani?"

"Marahaba. Ya Bibi Sekela, mwanangu. Ndiye mwenye umeme wa jua. Kilima kizima tunapigiwa kwake."

Ambokile akachana kurasa za daftari, akaandika kwa mkono kila jina na kila ndoo, mpaka ndoo ya mwisho ikamiminwa kwenye tangi la kupozea. Hakuna maziwa yaliyochacha.

Tumpe hakuinua kichwa. Alifuta mistari kumi na mmoja ya programu, akaiandika upya, akaijaribu kwa majina ya akina mama walewale. Kesho yake foleni ilikwisha kabla chai haijapoa.

Miezi mitatu ikaisha. Bi. Suma akamsukumia mwalimu mkataba, mahali pa jina pakiwa patupu. "Wewe ndiye uliyewalea. Jaza."

Lwitiko akasema, "Mficha uchi hazai, Mwalimu. Nisingesema, mpaka leo wangekuwa wanautafuta mtandao."

Tumpe akasema, "Aliyetoboa ndoo apewe zawadi kwa kuonyesha tundu? Aliyeziba ni mimi."

Ambokile akasema, "Umeziba, sawa. Na maziwa ya siku ile yangekuwa wapi? Na habari za Bibi Sekela mliambiwa na nani?"

"Kazi yako hata karani wa kituo angeifanya," Tumpe akamjibu.

"Angeifanya. Alikuwepo. Hakuifanya."

Mwalimu akamgeukia Lwitiko. "Hebu niambie, lile sharti ulilitoa wapi?"

Lwitiko, bila ubaya wowote, akafungua daftari lake la mwaka wa pili. Sharti lilikuwa pale: mtu mmoja, namba moja. Pembeni yake alama ya vema, kumi kwa kumi, na maneno mawili kwa mwandiko wa mwalimu: "Safi sana."

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaishika kalamu yake. Bi. Suma akamwambia mkataba haujazwi kwa wino mwekundu, akampa ya bluu.

Mimi nimemwacha hapo, kalamu mkononi, watatu wanamtazama, naye hawezi kumlaumu hata mmoja. Sasa nanyi mnywao maziwa, msaidieni. Atakayesema ni mtandao, simsikilizi. Aliyesema, aliyeandika, aliyeziba: je, mwalimu aandike jina la nani?