Beringi na Blanketi la Mama

Mama mmoja wa Same alikuwa na mashine ya kufulia nguo, na hakuinunua. Aliletewa na mkwe wake, Elirehema, siku ya mahari. Desturi inataka blanketi la mama, na blanketi lilikuja, zito, la maua mekundu. Lakini bwana mkubwa aliona blanketi peke yake ni mambo ya kizamani, akashusha na mashine, brand new, mbele ya kamera tatu. Akapewa binti, Namkunda. Mashine haikuwekwa uani penye nguo chafu. Iliwekwa sebuleni, ikavikwa kitambaa cha kufuma, ili kila mgeni aulize imetoka wapi.

Haukupita mwaka, ikaanza kulia. Ilipofua ilinyamaza, ilipokamua, ikizunguka kwa kasi, ilitoa mlio kama mawe ndani ya sufuria. Bi Nakijwa, ndiye mama mwenyewe, akamwita Kabula. Huyu Kabula ana digrii ya uhandisi na kibanda cha bati anamotengenezea pasi. Nchi ina mipango yake, tuiache. Kabula hakugusa hata bisibisi. Alifungua mlango wa mashine, akaingiza mkono, akalinyanyua pipa la ndani. Likacheza juu na chini kama jino bovu. Akalizungusha taratibu, sikio karibu.

"Beringi imekwisha, mama, kile chuma cha duara kinachozungushia pipa. Maji yamepenya kwenye mpira wake, kutu imeila. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ila lazima tuifungue mashine yote, na tusichelewe."

Bi Nakijwa akatazama dirishani. Kuifungua yote maana yake vyuma vitandazwe uani, na uani kuna majirani, na majirani wana macho.

"Zawadi ya mkwe ifumuliwe kama redio mbovu? Watu waseme alituletea skrapu? Nenda, dada, nenda na digrii yako."

Akabadilisha sabuni. Akabadilisha bomba la maji. Akalaumu umeme. Akaita fundi mwingine, mwanamume mwenye ovaroli safi, naye akasawazisha miguu ya mashine, akasifu rangi yake, akanywa chai, akaondoka. Mlio ukabaki palepale. Mwishowe akalitoa blanketi la mahari kabatini, akalikunja mara nne, akalitandika chini ya mashine. Kelele ikapungua. Problem solved, haleluya.

Kiangazi cha mwaka huohuo Namkunda akaja na furushi la nguo. Alikuwa amevaa mikono mirefu, na joto la Same mnalijua. Alisema maneno matatu tu: "Mama, naogopa kurudi." Mama akamtazama, kisha akatazama dirishani. Akamwambia kwamba Elirehema ni mtu mwenye jina, na kwamba kanisa zima lilikula pilau ya ile harusi. Halafu akafungua furushi. Ndani mlikuwa na blauzi nyeupe, na kwenye kola palikuwa na damu. Hakuuliza. Aliiloweka, akaifua, akaipiga pasi, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe na kumsindikiza mpaka stendi. Doa lilitoka lote. Mama wa watu alifurahi kwamba lilitoka.

Mashine ilivunjika Jumanne, ikikamua. Pipa lilichomoka, likaipasua mashine tumbo, maji yakajaa sebule nzima. Namkunda aliletwa Alhamisi, ndani ya sanduku. Waliomleta walisema alianguka kwenye ngazi. Nyumba yao haikuwa na ngazi.

Msibani Elirehema alikaa kiti cha mbele, miwani nyeusi usoni, akalia kwa sauti kuliko wote. Yeye hakuna aliyemtandikia blanketi.

Matanga yalipokwisha, Bi Nakijwa alikwenda kwa miguu yake hadi kibandani kwa Kabula, akamwomba aje tena. Safari hii mashine ilifunguliwa uani, mchana kweupe, na majirani wakatazama walivyotaka. Blanketi lilikuwa limeoza kwa maji, maua hayaonekani. Kabula alifungua skrubu moja baada ya nyingine. Akaitoa beringi, gololi zake zimesagika, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Ilienea kweli. Mama akaigeuzageuza, kisha akauliza, polepole, kama haiwezi kubadilishwa sasa.

"Beringi mpya ipo dukani, mama. Hata siku ile ilikuwepo. Ila sasa hakuna pa kuifunga."

Basi ninyi mnaojua sana kulinda jina la nyumba, niambieni: kwenu ni nani analia hivi sasa, na mmemtandikia nini?